Bwana Afya na Samaki Wanaotazama Juu

Ukimpa Bwana Afya maji ya kunywa, hakuyanywa kwanza. Aliyatazama. Alikishika kikombe kwa vidole viwili, akageukia mlangoni kwenye mwanga, akakiinamisha upande huu, kisha upande ule, akingoja kuona kama kuna kitu kitakachojikunja humo ndani. Wewe mwenyeji umesimama hapo na jagi lako, unajiona kama mchawi aliyeshikwa. Akisharidhika hakusema asante. Alisema "Haya," kisha akanywa yote kwa mkupuo mmoja.

Mimi nimempa maji miaka mingi kuliko mtu yeyote pale Nkololo, kwa hiyo nimetukanwa na kikombe kuliko mtu yeyote. Nina mgahawa karibu na uwanja wa gulio, na yeye alianza kuja kwangu kama mkaguzi wa afya, siku zile bado yuko kazini. Kila mtu alimwita Bwana Afya kwa sababu ya kazi yake, na alipostaafu jina likabaki. Yeye aliniita Mama Mgahawa. Majina yetu ya kubatizwa tuliyajua wote wawili, ila hatukuyatumia. Nadhani kila mmoja alimshuku mwenzake kwamba angeyatumia vibaya.

Siku ya kwanza nilipomfahamu alinifungia mgahawa. Aliingia asubuhi, akasalimia kwa Kisukuma "Mwangaluka mayu", habari za asubuhi mama, kwa adabu zote, nami nikaitikia nikidhani nimepata mteja. Kumbe wakati anasalimia alikuwa anatazama mikono yangu, na wakati naitikia alikuwa ameshafika nyuma kwenye pipa la maji. Akachota kwa kikombe, akanionyesha viluwiluwi vya mbu vinacheza humo. Akaniuliza kama hiyo ni mboga ya leo. Wateja wakacheka. Nilifunga wiki nzima, na wiki hiyo nilimwombea mambo ambayo siwezi kuyasimulia, maana mimi ni Mkristo.

Kwenye mfuko wa shati lake, pale watu wa ofisi wanapoweka kalamu, aliweka kalamu na msumari. Msumari ulikuwa wa madumu. Huku kwetu tunalima pamba, na pamba haiendi bila dawa ya wadudu, na dumu la dawa likiisha ni dumu zuri, halivuji, lina mfuniko wake. Watu wanaliosha kwa majivu na mchanga wanatekea maji. Bwana Afya akiliona dumu la namna hiyo hakugombana na mtu. Alichutama, akatoa msumari, akalitoboa matundu chini kwa jiwe, akainuka akapangusa magoti. Aliwahi kulitoboa dumu la pombe ya harusi, bibi harusi yuko ndani anavalishwa. Pombe ikanywewa na ardhi. Vijana walitaka kumpiga, wazee wakawazuia, lakini hata hao wazee waliwazuia huku wanalitazama lile tope kwa huzuni.

Msibani hakula. Hilo ndilo lililomharibia jina kuliko madumu. Kwetu, mtu akija msibani asile, maana yake anajua kilichomuua marehemu. Yeye alikuja, alichimba kaburi kama wengine, alilia kama wengine, na sahani ikifika alisema tumbo limejaa. Tumbo gani linalojaa misiba yote? Nilimuuliza mara moja, tukiwa njiani kurudi. Akaniambia kwamba msibani maji yanatoka nyumba ishirini na hajui hata moja yaliwekwa wapi. Nikamwambia watu wanasema yeye mwanga. Akasema, "Waache waseme. Mimi nawashuku wao, wao wananishuku mimi. Hesabu imelingana."

Na mtu huyo huyo, asiyekula sahani ya msiba, alikuwa akipita kwangu jioni anachota michembe kwenye ungo, ile ya viazi vikavu tuliyoanika juu ya bati ambako kunguru wanatembea, anatafuna bila kuosha wala kupuliza. Nikimwonyesha kunguru anasema jua limeshaua kila kitu. Nilishindwa kumwelewa. Ukidhani umeujua mlango wake wa kuingilia, unakuta kahamisha mlango.

Tena hakuwa na ng'ombe. Msukuma mtu mzima, amefanya kazi ya serikali, ana pensheni, hana hata ndama. Alisema ng'ombe ni kupe na inzi waliovalishwa ngozi. Mke wake alishafariki, binti yake mmoja ameolewa Binza kule Maswa. Sasa mtu wa namna hiyo, asiye na zizi, asiyekula na watu, anayeangalia maji ya kila nyumba, unadhani watu watamfikiriaje? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nami nilikuwa miongoni mwa wasemaji, sitaki kujisafisha. Alipostaafu akanunua kiwanja kando ya kwangu, tukatenganishwa na ua wa minyaa tu, nikasema basi, huyu ameamua kunikagua mpaka kufa.

Alikuja na mapipa mawili na samaki.

Aliwatoa Mwanza, kwa mtu aliyefanya naye kazi zamani, ndani ya ndoo yenye mfuniko aliyoipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Nilichungulia kwenye ua siku ile ile. Nikaona mtu mzima amepiga magoti mbele ya pipa, anamimina kidogo kidogo, anaongea nao. Nikawaita majirani wawili waje washuhudie, maana jambo kama hilo ukiliona peke yako hutaaminiwa.

Alituona. Badala ya kukasirika alituita tuingie, na hapo ndipo niliposikia akisema maneno mengi kwa wakati mmoja. Alisema asili ya samaki hao ni Marekani, upande wa kusini kwenye mito inayokwenda polepole na mabwawa yenye joto. Hawapendi maji ya kukimbia wala kina kirefu. Wanakaa pembeni, kwenye maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, penye majani, maji yaliyotulia ambayo samaki mwingine angeona ni kifo. Yakichafuka wanavumilia. Hewa ikiisha ndani ya maji wanapanda juu kabisa kwenye utando na kuvuta ile ya hapo juu. Mahali anapopenda mbu kutagia, alisema, ndipo wanapopenda wao kulala, na viluwiluwi vya mbu ndivyo chakula chao.

Sura yao haikunipendeza. Walikuwa wadogo, dume kama kipande cha kidole, jike mara mbili yake, rangi ya maji ya kuoshea vyombo yenye ukijani kidogo. Magamba yalikuwa na ukingo mweusi, kwa hiyo mwili wote ulionekana kama umevalishwa wavu. Kichwa bapa juu, macho makubwa, mkia wa mviringo wenye vidoti ambavyo huvioni mpaka uiname. Lakini mdomo ndio ulionishtua. Samaki ninaowajua mimi mdomo uko mbele. Hawa mdomo umeelekea juu, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya dari. Ukisimama kando ya pipa wote wanakutazama. Nikaona wamefanana na mwenye nao.

Akatuonyesha jike mmoja tumboni ana alama nyeusi karibu na nyuma. Akasema huyo ana mimba, na huyu hatagi, anazaa watoto wanaoogelea. Mwenzangu mmoja alirudi nyuma hatua nzima. Samaki anayezaa kama mbuzi si samaki, alisema, na akaondoka bila kuaga. Kesho yake nchi nzima ilishajua kwamba Bwana Afya anafuga viumbe kutoka ng'ambo, wanazaa, na wanatazama juu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nasi tukaanza kuitafuta hiyo kamba.

Na kitu kingine cha kuchekesha. Yeye aliyetembea nyumba hadi nyumba akihubiri vyandarua, cha kwake alikitoa kitandani akakifunga juu ya mapipa ili ndege wasiwale samaki wake. Akaugua malaria msimu huo mpaka akawa anatetemeka kwenye jua la mchana. Nilimpelekea uji. Akautazama uji. Nikamwambia, "Bhabha, mwenye samaki wa kula mbu ameumwa na mbu. Kunywa." Akanywa, ila alichungulia.

Lengo lake lilikuwa kila nyumba iwe na samaki hao kwenye pipa lake la maji ya kuoshea, na kwenye yale mashimo tunayochimba kwa mkono kando ya majaruba ya mpunga. Lakini alikuwa na sharti moja, na alilirudia mpaka likatuchosha: wasifike lamboni. Lambo letu lina perege, samaki wetu wa siku zote. Kiangazi maji yakipungua, wanawake tunaingia na vikapu, na mchuzi wangu wa miezi mikavu unatoka humo. Alisema wageni hawa wana mdomo mdogo lakini wana roho mbaya. Wanakula mayai ya wenzao na vitoto vyao, wanatafuna mapezi ya wakubwa. Kwenye pipa ni askari, lamboni ni wezi. Nilimuuliza kwa nini basi amemleta mwizi mlangoni. Akasema mbwa pia anauma, na watu wanafuga.

Watu wakakataa kuwachukua. Nani achukue samaki wa mtu asiyekula msibani? Ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa akili au kiburi. Yeye asiyependa ng'ombe akatumia maneno ya ng'ombe. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema hatoi samaki bure wala hauzi. Anawakabidhi watu wamtunzie, kama mtu anavyomkabidhi mwenzake ng'ombe wake.

Hapo akatupata. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawagawa kwa rafiki na ndugu, ili ugonjwa ukiingia huku, kule wabaki. Anayetunza anakunywa maziwa, na wakizaa vizuri anatolewa mtamba wake, ndama jike, kama shukrani. Ni heshima kukabidhiwa mifugo, na ni aibu kuikataa. Watu ambao jana walimwita mwanga, leo wakaja na ndoo zao. Nami nilichukua, kwa sababu nilitaka kuwa nao karibu niwaangalie. Mfugaji mmoja mzee wa upande wa pili wa lambo, tunayemwita Mzee wa Zizi kwa ajili ya ukubwa wa zizi lake, alichukua wengi kuliko wote, akasema mifugo ni mifugo.

Viluwiluwi kwenye pipa langu viliisha. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nampenda.

Bwana Afya alipita kukagua. Alikuwa na desturi ya kuja bila taarifa, anafunua pipa, anahesabu kimoyomoyo huku midomo inacheza, kisha anakutazama wewe badala ya samaki. Alimshuku kila mtu kwamba atawapeleka lamboni. Alinishuku mimi waziwazi kwa kuwa napika samaki. Niliwahi kumkuta amesimama nyuma ya jiko langu ananusa kikaango. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta sababu ya kukuamini." Nikamfukuza na mwiko.

Kiangazi kilichofuata maji ya lambo yalipungua, tukaingia na vikapu vyetu. Perege walikuwa wachache, na hao wachache mikia yao imechanika kama nguo ya kazi. Pembeni penye majani, kwenye maji ya kifundo cha mguu, tukawaona. Wengi, wa kijivu, midomo juu, wanatutazama. Mwanamke mmoja mjane, aliyekuwa akisomesha watoto kwa kuuza perege wa kukausha, alikaa chini kwenye tope na kikapu chake kitupu magotini. Mimi nilihisi hasira hadi kwenye meno.

Ikaitishwa dagashida, ule mkutano wetu wa jadi unaosimamiwa na sungusungu. Pale watu wanakaa kwenye nyasi, kesi inasemwa mbele ya wote, na adhabu ikitoka hakuna mahali pa kuikimbilia. Bwana Afya akaja amevaa shati la kazini, kalamu na msumari mfukoni. Nilisimama nikauliza mimi. Nilisema samaki hawa walikuwa wako, hapakuwa na mwingine mwenye nao, na wewe ndiye uliyejua watafanya nini. Nani amewaweka lamboni? Sijutii swali hilo. Lilikuwa swali zuri, na hata leo ningeliuliza.

Aliwatazama watu, mmoja mmoja, kama anavyotazama kikombe. Nikajua sasa ataanza kutaja. Mtu aliyemshuku kila aliyezaliwa, leo ndiyo sikukuu yake.

Akasema, "Mimi."

Wakamuuliza kwa nini. Akasema amekwisha kujibu. Wakamtaka alete fahali wa kuliwa na kijiji, yaishe. Hana ng'ombe. Wapo waliokuwa tayari kumwazima, akakataa, akasema deni hilo halina mlipaji mwingine. Basi wakamtenga. Mtu akitengwa kwetu hasalimiwi, hapewi moto, hasagiwi unga, hatekewi maji, foleni ya pampu inamkataa. Akifa, hawaji kumzika mpaka adhabu imalizwe. Na anayevunja, naye anatozwa. Kilikuwa kiangazi, mvua iko mbali, na mzee huyo alikuwa ameshaanza kutembelea fimbo.

Hapo sasa mimi nikaanza kushuku upya. Mtu asiyeamini hata uji, atajibebesha mzigo hivihivi? Nilidhani kuna fedha za mradi. Nilidhani anamficha binti yake. Nilidhani ni hila, anataka tumwonee huruma kisha atushtaki wilayani Bariadi. Nililala na kuamka na mawazo hayo, na kila asubuhi nilimwona kupitia minyaa anakinga mkono chini ya bati lake kavu, kama kwamba mvua imemsahau yeye tu, si kwamba haijafika.

Adhabu ya kijiji sikuivunja. Ila mimi nina mazoea ya kuacha ndoo ya maji nje ipoe, na ndoo ikiachwa kando ya ua, na ua una pengo, hilo si kosa la ndoo. Asubuhi niliikuta tupu, imeoshwa, imefunikwa vizuri. Nami nikaiacha tena. Hatukusemezana. Siku moja nilijificha nione. Alichota kikombe, akageukia jua, akakiinamisha upande huu, na upande ule. Mtu ana kiu ya kufa, hana rafiki duniani isipokuwa ndoo, na bado anaikagua! Nilikasirika nikataka kuimwaga. Nikaiacha.

Mvua za kwanza zilimrudisha Mzee wa Zizi. Kiangazi chote alikuwa amehamishia ng'ombe malishoni upande wa Meatu, hakuwepo lamboni wala kwenye dagashida. Alikuja mgahawani kwangu na vumbi lake, akaagiza ugali na nyama, akala kwa raha. Akinawa mkono akaniuliza, kwa moyo mweupe kabisa:

"Mayu, wale ndama wangu wa kule lamboni wamenenepa?"

Nikamuuliza ndama gani.

"Wa Bwana Afya. Si alinikabidhi nimtunzie? Wakazaa sana. Nami nikatoa fungu langu kabla sijaondoka, mitamba mitupu, wale wenye alama nyeusi tumboni. Sasa pipa ni mahali pa kulishia mifugo? Nikawapeleka kwenye maji mengi wakue."

Nilikaa. Nilikuwa sijawahi kukaa mbele ya mteja. Nikamweleza yote, perege, dagashida, mzee aliyetengwa akisubiri mvua. Nikamkumbusha lile sharti la lambo. Akasema alilisikia, ila lilihusu samaki wa Bwana Afya, na hao aliowapeleka walikuwa wa kwake tayari. Mtu akishapewa mtamba wake haulizwi anamlisha wapi. Uso ulimbadilika akisema hivyo, maneno yakapungua kasi, na mwisho akatazama mkono wake uliolowa.

Hakungoja kesho. Jioni ile ile alikwenda kwa mkubwa wa sungusungu, na dagashida ilipokaa tena alikuja na fahali wake mwekundu, mkubwa, ambaye kila mtu alimjua. Akasema samaki walikuwa wake, ng'ombe huyu ni wake, na mzee wa watu asalimiwe. Fahali akaliwa. Bwana Afya aliitwa, akaja, akapewa nyama. Akaitazama. Watu wote wakamtazama. Akala, nadhani kwa sababu alijua tungemtenga tena.

Nilimvizia njiani. Nilimwambia sitaki mafumbo, aniambie kama alijua ni Mzee wa Zizi.

"Nilimshuku tangu siku ya kwanza," alisema. "Wewe pia nilikushuku."

"Sasa ulinyamaza kwa nini?"

"Kushuku si kushtaki, Mama Mgahawa. Tena mimi ndiye niliyesema ni kama ng'ombe. Yeye alinielewa kuliko ninyi wote."

Akaondoka na fimbo yake. Nilibaki njiani nimeudhika, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana naye na sasa sikuwa na mahali pa kushikia. Na nilimwonea huruma, hilo nalo niliseme.

Kiangazi kilichofuata aliingia lamboni nasi, suruali imekunjwa magotini, na chandarua chake mkononi. Aliwakokota wale samaki wake kutoka penye majani, akawatupa nchi kavu, kuku wakawala. Aliwavua kwa ukali, kama mtu anayemwadhibu mtoto wake mbele ya wageni. Hawakuisha. Mpaka leo wapo. Perege nao wapo, wachache, na yule mjane sasa anauza mboga za majani. Kuna mambo yakishaingia majini hayatoki, na Bwana Afya hakujidanganya kuhusu hilo. Alisimama amelowa mpaka kiunoni akasema hiyo ndiyo kazi yake mpaka afe, na tukimwona ameacha tumwulize.

Aliacha kwa sababu ya miguu. Mwaka huu binti yake amekuja kumchukua akamhamishia Binza. Alipoondoka hakuniaga, alikuja tu akafunua pipa langu, akatazama, akafunika, akaenda kupanda gari. Nyumba yake iko kimya upande wa pili wa minyaa, na sikutegemea kwamba kimya hicho kingenisumbua, lakini kinanisumbua. Pipa langu nalikagua mwenyewe sasa.

Mwezi uliopita nilikwenda Maswa kununua masufuria, nikapita Binza kumwona. Binti yake ana duka dogo la vitu vya nyumbani, na mzee anakaa chumba cha nyuma penye dirisha. Nilimkuta amelala ubavu. Dirishani palikuwa na chupa ya jamu iliyojaa maji, na ndani yake samaki mmoja, jike, mdomo juu. Nikasema moyoni, huyu hajakoma.

"Mwadila, bhabha," nikamsalimia, maana ilikuwa alasiri.

"Mwadila mayu. Kifungo cha pili cha gauni lako si cha hilo gauni."

Kwa hiyo macho yalikuwa mazima. Nilifurahi, sikumwonyesha. Tukaongea habari za nyumbani, mvua, bei ya pamba, nani amefariki. Mzee wa Zizi anamsalimu, nikamwambia, na akasema naye anamsalimu, ila asipewe samaki. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikabidi nivute kigoda karibu. Akakohoa sana, akaomba maji. Binti alikuwa na wateja, nikachota mimi kwenye mtungi uliokuwa kona ya chumba.

Sikujua ninachofanya mpaka nilipokuwa nimeshakifanya. Nilishika kikombe kwa vidole viwili, nikageukia mlangoni, nikakiinamisha upande huu, na upande ule. Maji yalikuwa safi. Nilipogeuka nilimkuta ananitazama kutoka kitandani, na mdomo wake umepinda kidogo, ule upinde wake ambao kwa mtu mwingine ungeitwa kicheko.

Nikamsaidia kuinuka. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni moja kwa moja, akanywa yote.

Nilingoja. Nilidhani amesahau. Nikamwambia, "Bwana Afya, hujaangalia."

Akanirudishia kikombe kitupu.

"Wewe umeshaangalia," alisema.